Tundu la Hewa

Mlango wa bafu ulikuwa umefungwa kwa komeo, na nyuma yake maji yalikuwa yakimiminika bila kukoma. Niligonga kwa vidole, halafu kwa ngumi.

"Mwalimu! We Mwalimu!"

Maji tu ndiyo yaliyosikika. Nilikuwa bado nimevaa koti, mkate mkononi. Sebuleni Chiriku alikuwa amelala kwenye kochi, mdomo wazi, mkono mmoja ukining'inia hadi sakafuni. Tangu nimfahamu, Chiriku hakuwahi kulala mchana, hata akiwa na homa. Na tena hakuwahi kunyamaza.

Wote wawili tulilala nao chumba kimoja bwenini kwa miaka minne. Chiriku tulimbandika jina hilo kwa sababu ya mdomo wake. Mwalimu, wakati huo, hakuwa mwalimu wa mtu yeyote, ila alitusahihisha mpaka ndoto zetu. Baadaye akawa mwalimu kweli, wa hesabu. Mimi maisha yalinitupa ughaibuni, nikafua na kupiga pasi mashuka ya hoteli katika chumba cha chini kisicho na dirisha. Kwa miaka mitatu hakuna aliyenibishia hodi isipokuwa mwenye nyumba. Kwa hiyo Mwalimu alipopata semina katika nchi jirani, na Chiriku akajilipia nauli amfuate ("peke yake ataongea na nani?"), wakaniandikia kwamba wangepanda treni waje kwangu Ijumaa hadi Jumapili, nililia kwa furaha juu ya rundo la foronya.

Nilijiandaa kama mtu anayepokea wakwe. Niliazima godoro. Nilisugua sakafu hadi magoti yakaniwaka. Kilichonitia aibu ni baridi tu. Jikoni, ukutani juu ya mtambo wa gesi wa kupashia maji moto, palikuwa na tundu la ukubwa wa sahani, na upepo ulikuwa ukipita hapo ukipiga mluzi. Mimi nilishazoea. Lakini wenzangu walikuwa wanatoka kwenye joto. Wangesemaje huko nyumbani? Kwamba mwenzetu anaishi kwenye jokofu? Alhamisi jioni nilisokomeza taulo kwenye lile tundu, nikapigilia kipande cha kadibodi juu yake kwa misumari minne. Mluzi ukakoma. Nilisimama katikati ya jiko nikijiona mtu mwenye akili.

Ijumaa walifika, tukakumbatiana mlangoni hadi jirani wa chini, mzee mmoja dereva mstaafu ambaye hajawahi kuitikia salamu yangu, akatoa kichwa kutazama kuna msiba gani.

"Kumbe kwako kuna joto hivi!" Chiriku alisema, akivua sweta. "Na wewe kila siku kwenye simu baridi, baridi."

Jumamosi tulizunguka mji mzima. Jumapili asubuhi tuliamka wote vichwa vinatugonga. Chiriku alitapika mara mbili, akarudi akifuta midomo na kutania.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu mwenyeji anataka kupona peke yake, sisi anatumaliza kwa chai yake."

Tulicheka huku tumeshika vichwa. Mwalimu akasema ni uchovu wa safari, atajimwagia maji ya moto yatauondoa. Nikamwambia aoge hata saa nzima, maji yapo. Mimi nikashuka kununua mkate na dawa ya kichwa. Nilipofika kona ya tatu, kichwa kilikuwa kimeacha kuuma. Sikujiuliza kwa nini. Nikasema moyoni, kumbe dawa siihitaji, nikanunua yao tu.

Ndipo nikarudi nikakuta hali hiyo.

Komeo liling'oka kwa teke la nne. Mwalimu alikuwa ndani ya sinki la kuogea, kichwa kimelalia ukingo, maji yamemfika kifuani na yanapanda. Macho yake yalikuwa wazi nusu, na hayakunitazama. Nilifunga bomba, nikamkamata kwapani, nikavuta. Alikuwa mzito kama mashuka yaliyolowa, na uzito wa mashuka yaliyolowa naujua. Nilimfikisha koridoni, nikaanguka naye.

Hapo kichwa changu kikaanza tena kugonga.

Nje hakikuniuma. Humu ndani kinaniuma. Nilitazama jikoni: ndani ya mtambo, kimoto kidogo, ambacho siku zote kilikuwa cha bluu, kilikuwa kinawaka njano. Nikamkumbuka mwenye nyumba siku aliyonikabidhi funguo. Alikuwa amesimama pale pale, akionyesha lile tundu, akisema maneno mengi huku kidole kinatikisika. Nilidhani ananikataza kutundika kitu ukutani. Nikaitikia kwa kichwa. Ughaibuni nilijifunza kuitikia kwa kichwa kabla sijajifunza kuongea.

Nimewahi kuogopa mara nyingi maishani, lakini hofu ile ilikuwa na ubaridi wa peke yake, kwa sababu haikuwa na wa kumkimbia. Nilikuwa namwogopa mtu aliyepigilia misumari minne.

Nilizima mtambo. Nilifungua dirisha la sebule, la pili likagoma, nikalivunja kwa kiti. Nilimpiga Chiriku makofi. Kichwa chake kilikwenda kushoto, kikarudi kulia. Nikapiga simu ya dharura, na yule mwanamke aliyepokea akaniuliza swali, na maneno yote niliyoyajua ya lugha yao yakanitoka kama kuku waliofunguliwa banda. Niliweza kusema, "Wawili. Hawaamki. Gesi." Kisha jina la mtaa, mara tatu, nikiomba Mungu nilitamke sawasawa.

Nikatoka ngazini nikapiga kelele kwa Kiswahili. Aliyepanda ni yule mzee dereva, kwa kandambili. Hakuuliza kitu. Alimfunga Mwalimu blanketi, akambeba begani kama gunia, akashuka naye. Mimi nilimkokota Chiriku, visigino vyake vikigonga kila ngazi, na katika ngazi ya tisa au ya kumi akaguna. Sijawahi kusikia sauti tamu kama ile.

Wazimamoto walipanda na kifaa kinacholia. Tulikisikia kutoka uwanjani kikilia. Waliniambia polepole, kama mtoto, kwamba ile ni hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na kwamba robo saa zaidi isingekuwa kazi yao tena. Kisha mkubwa wao akashuka na taulo mkononi.

"Nani aliziba?" aliuliza kwa lugha yao.

"Mimi," nikajibu kwa lugha yao. Sauti haikutetemeka hata kidogo.

Chiriku, amelazwa kwenye machela, kinyago cha oksijeni puani, alinivuta upindo wa koti. "Anasemaje?"

"Anasema mtambo mbovu," nikamwambia. "Mbovu, wa zamani."

Hospitalini walikaa hadi Jumanne. Mwalimu aliamka jioni ya Jumapili, akauliza leo ni tarehe ngapi, akamsahihisha nesi. Chiriku alikuwa ameshaanza kusimulia wodini, kwa ishara na miguno, jinsi nilivyovunja mlango kwa teke. Kila aliyeingia wodini alinishika mkono. Nikawa nalala nikiamka, nikiviona vile visigino vikigonga ngazi.

Kwenye stesheni, treni ikiwa imeshasimama, nikawaambia. Sikuremba. Taulo, kadibodi, misumari, swali la mzimamoto, jibu nililompa, na lile nililomtafsiria Chiriku.

Chiriku aliweka begi lake chini. Kisha akanikumbatia kwa nguvu, akilia, akisema nyamaza, nyamaza, tumepona. Mwalimu alisimama palepale na begi lake.

"Wewe watu baki umewaambia kweli," alisema taratibu. "Sisi ndio umetudanganya."

Akapanda treni.

Chiriku alinipigia wiki ile ile na hajaacha hadi leo. Mwalimu hakunipigia. Nilimwandikia mara tano. Barua ya sita niliichana. Miaka miwili ikapita, nikahama nyumba, nikapandishwa cheo kazini, nikajifunza lugha ile hadi nikawa nawaomba watu warudie walichosema, bila haya.

Siku moja mchana akanipigia. Alikuwa kwenye mji wangu kwa semina nyingine, amefikia hotelini, je, nina chai? Alikuja. Aliketi na koti lake mwilini, na nilipomwambia alivue akasema yuko sawa. Tulizungumza habari za shule yake, za mwanafunzi aliyeandika kwamba mstari mnyoofu ni mstari usio na dhambi. Nilicheka, naye akacheka, akanitazama nikicheka. Hatukuitaja Jumapili ile. Alikunywa vikombe viwili.

Mlangoni akafunga vifungo vya koti, kimoja kimoja.

"Mwakani nitakuja na binti yangu," alisema.

Hakusema watalala wapi. Nami sikuuliza.