Mwanafunzi wa Kumi

Namba tatu zilipangana kwenye karatasi kama mapacha waliovishwa sare: 24.50, 24.50, 24.50. Mwalimu wa kemia aliinua kalamu nyekundu, kisha akaishusha. Karatasi tisa alizokwisha kuzisahihisha zilikuwa na namba za kibinadamu: ishirini na sita na ushei, ishirini na sita kasoro, nyingine imefutwa mara mbili hadi karatasi ikatoboka. Hii ya kumi haikuwa na doa. Nayo ilikuwa ya binti yake wa kumzaa.

Miaka kumi na tisa ya ualimu ilikuwa imemfunza kwamba bureti haisemi neno lilelile mara tatu. Ni bomba jembamba la kioo lenye koki chini. Mwanafunzi hulijaza alkali, akaidondosha tone kwa tone ndani ya asidi mpaka ibadilike kuwa waridi hafifu, kisha akasoma kiasi kilichotumika. Hurudia mara tatu, na kila mara mkono hutetereka kidogo, jicho hukosea kidogo. Namba zisizotetereka hazikupimwa. Zimetungwa mezani.

Alichukua kipande cha karatasi akapiga hesabu, akaona mtoto alikozitoa. Alikuwa amesoma nguvu ya alkali kwenye lebo ya chupa, akakokotoa jibu, akaliandika mara tatu bila kusoma bureti. Hesabu yake ilikuwa safi kabisa. Iliyosema uongo ni lebo.

Lebo ile iliandikwa na marehemu mumewe, aliyekuwa mtunza maabara wa shule hiyohiyo. Kila alipobandika lebo aliipaka nta ya mshumaa ili maji na asidi visiile, na mwandiko wake wa herufi nene ulikuwa umekaa juu ya chupa thelathini na saba. Figo zilimchukua mwaka na miezi minne iliyopita. Tangu hapo mkewe alikuwa akichanganya dawa mwenyewe na kuzimimina katika chupa zilezile, chini ya lebo zilezile. Safari hii alkali ilitoka nyepesi kidogo. Alilijua hilo, akasema moyoni kwamba atabadilisha lebo kesho. Kesho yake haikufika. Mwanafunzi angefanya hivyo angemfukuza darasani, maana katika kazi yao hakuna dhambi inayoipita chupa inayosema isichobeba.

Mlango wa maabara uligongwa, mkuu wa shule akaingia na orodha ya masomo ya kidato kinachofuata. Alikuwa mtu mwema, ila wema wake ulikuwa na haraka.

"Mwalimu, umeponea tundu la sindano," alisema. "Biolojia wamejaa, fizikia ishirini na mbili, na kemia kumi kamili. Wakiwa chini ya kumi, darasa halifunguliwi."

"Wangekuwa tisa ingekuwaje?"

"Tisa hao wangesoma kemia shule ya jirani, alasiri mbili kwa wiki. Wewe ungebaki na sayansi ya vidato vya chini. Chumba hiki tungekifanya cha kompyuta." Alitazama rafu, akapunguza sauti. "Lakini tusiite mabaya. Binti yako ndiye wa kumi. Wahenga hawakukosea, mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Orodha naipeleka kesho saa nne."

Alicheka kidogo, akatoka. Mwalimu hakucheka. Usemi ule aliusikia tangu mtoto hajaota meno, na siku zote aliupokea kama sifa. Hakuwahi kumuuliza binti yake kama alitaka kuvukuta.

Alimkuta nyumbani akipiga pasi sare za wiki. Baba yake alimbandika jina la Kitone akiwa na miaka saba, alipomsimamisha juu ya kibao mbele ya bureti na kumfundisha kufungua koki. Sasa alikuwa msichana mrefu wa miaka kumi na sita, mwenye mabega ya baba na ukimya wa mama. Mwalimu aliweka karatasi juu ya meza ya pasi.

"Hukupima."

Kitone aliziangalia namba zake, akaitegesha pasi kando isije ikaunguza kola. "Nisamehe, mama. Sikupima."

"Tangu lini?"

"Tangu baba."

Nje jirani alikuwa akifua na redio yake ilikuwa ikitoa taarifa za bei ya mahindi. Mwalimu alivuta kiti, akakaa.

"Rangi ikikaribia kugeuka namsikia," alisema Kitone. "'Taratibu. Bado kitone kimoja.' Nikimsikia hivyo mkono unakataa. Nafunga koki, naangalia dirishani mpaka wenzangu wamalize. Hata harufu ya mle ndani, mama, navuta pumzi kwa mdomo."

"Na fomu? Kwa nini ukajaza kemia?"

Binti alianza kukunja shati ambalo halikuwa limenyooka. "Nilihesabu. Walikuwa tisa. Nikajiuliza, wakifunga maabara utabaki na nini? Kila siku ukitoka darasani unachelewa. Nilikuja siku moja kukuchukua, nikakuchungulia. Ulikuwa unafuta vumbi kwenye chupa, unaongea."

Aibu ilimpanda Mwalimu mpaka masikioni, na nyuma ya aibu yakaja majonzi aliyokuwa ameyafungia kizibo muda wote huo. Alikuwa akijidanganya kwamba yeye ndiye aliyembeba mtoto. Wahenga husema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Huu wake hakuujua hata uzito, kwa sababu hakuubeba peke yake.

"Ulitaka somo gani?" aliuliza.

"Jiografia. Mawe. Namna mito inavyokula ardhi." Kisha akaongeza kwa haraka, "Lakini naweza kungoja, mama. Miaka miwili si mingi."

"Ni mingi," alisema Mwalimu. "Nipe kalamu."

Alikata kemia kwenye nakala ya fomu, akaandika jiografia, akatia sahihi ya mzazi. Alipomaliza aliona mkono wake umetetereka na sahihi imepinda. Aliiacha hivyohivyo. Kitone aliinua pasi akaendelea na kola, na machozi yalipodondokea kitambaa aliyapitishia pasi, yakatoa mvuke.

Asubuhi mkuu wa shule aliisoma fomu mara mbili. "Mwalimu, una hakika? Hiki chumba kina mkono wa marehemu."

"Nina hakika," alijibu. Hakuwa na hakika hata kidogo. Alirudi maabara akajifungia, akalia kama asivyopata kulia hata siku ya mazishi, maana siku ile watu walikuwa wengi mno.

Ijumaa mchana alianza kuzimwaga dawa za maabara. Kila dawa aliitoa kwa utaratibu wake, akaifuatisha maji mengi, kisha akasugua chupa kwa brashi. Alijaribu pia kuzitoa lebo. Alilowesha, akasugua, akakwangua kwa ukucha, lakini nta haikukubali. Marehemu alifanya kazi yake vizuri.

Alipofika chupa ya alkali alisikia mtu mlangoni. Kitone alikuwa amesimama kizingitini, mdomo wazi kidogo, akivuta pumzi kwa mdomo. Alisimama pale kwa muda. Kisha akaufunga mdomo, akavuta kwa pua, akaingia. Alichukua taulo kwenye msumari akaanza kukausha zilizokwisha kuoshwa.

Walifanya kazi hivyo, mmoja akiosha, mwingine akikausha, mpaka ikabaki moja. Mwalimu aliisuuza chupa ya alkali mara tatu, akaipindua juu ya kichanja, lebo ikitazama ukutani. Maji yaliyosalia yakaanza kudondoka kwenye sinki, yakipungua, yakipungua, mpaka yakaonekana yamekwisha. Akanyoosha mkono kuichukua.

"Taratibu, mama," alisema Kitone. "Bado kitone kimoja."

Wakakingojea.