Ugonjwa wa Kina Wacera

Tangu akiwa na miaka tisa Wacera alijua atakufa akitetemeka, maana shangazi zake hawakumficha. Nyanya yake mzaa mama, ambaye ndiye aliyerithi jina lake, alikufa mikono ikirukaruka na akili imemtoka. Nyanya ya huyo nyanya, Wacera vilevile, alikwenda hivyo hivyo. Lakini mama mzazi wa Wacera, Nduta, aligongwa na lori Sagana akiwa na miaka thelathini, mzima kabisa. Basi ukoo ukakata shauri kwamba ugonjwa unafuata jina. Lisemwalo lipo, wakasema, na watu wakishasema hivyo hakuna tena wa kuuliza.

Dada yake mkubwa, Warigia, mwenye jina la upande wa baba, aliolewa Gatitu akazaa mabinti watatu. Kwa mila, wa tatu hupewa jina la dada ya baba, na mume wa Warigia hana dada, basi wa mwisho alistahili jina la dada ya mama, Wacera, lakini Warigia alikataa katakata. Na Kim, mpenzi wa Wacera, alipotaka kumuoa, ni Warigia huyo huyo aliyemketisha mdogo wake jikoni akamwambia asizae watoto wa kuja kuteseka. Wacera akamwacha Kim. Sasa ana miaka thelathini na minane, ni mwalimu Mweiga, na kikombe kikimponyoka anajiambia ndio huo umeanza.

Alipochoka kungoja, alikwenda Nyeri mjini kupimwa jeni. Warigia naye akatoa damu, ya kumtia moyo tu. Siku ya majibu waliingia kwa daktari wameshikana mikono.

"Wacera, wewe hauna huo ugonjwa," daktari akasema. "Warigia, pole. Wewe uko nao. Hata mama yenu lazima alikuwa nao, ni vile alikufa mapema."

"Umechanganya faili, daktari," Warigia akasema kwa upole. "Mwenye jina ni huyu."

"Tumerudia mara mbili, mama. Hii kitu haiangalii jina. Na watoto wako, kila mmoja nafasi ya kuwa nao ni nusu kwa nusu."

Furaha ilimpanda Wacera kifuani, akaionea haya papo hapo. Alitaka kuukaza mkono wa dada yake, lakini Warigia alikuwa ameshauchomoa.

Walikaa nje kwenye benchi. Warigia hakulia. Aliinyoosha mikono yake mbele, akaitazama kwa muda mrefu.

"Afadhali ingekuwa wewe," akasema mwishowe. "Wewe si hauna watoto."

Ilikuwa kweli, Wacera hakuwa nao.