Pale Kamba Ilipoishia

Kabla ya kuanza kuanika dagaa, Domitila alimfunga mwanawe kamba kiunoni. Alitanguliza kipande cha kitenge ili nailoni isimchubue, akakaza fundo mgongoni, mahali ambapo vidole vya mtoto havikufika, kisha akafunga ncha ya pili kwenye nguzo ya kichanja. Urefu wa kamba hiyo aliupima siku ya kwanza kwa kujifunga mwenyewe na kutembea kuelekea ziwani mpaka ilipomzuia, halafu akaipunguza. Elikana, aliyekuwa ametimiza miaka mitano, alisimama ameinua mikono, akingoja fundo likamilike, kama watoto wengine wanavyongoja kufungwa vifungo vya sare.

Fundo lilipokamilika, alianza kuzunguka. Alizunguka akiwa ameivuta kamba mpaka mwisho wake, uso ukielekea kwenye maji yanayometameta, na miguu yake ilikuwa imechimba duara mchangani. Wanawake wa mwalo huo wa wavuvi waliliruka duara hilo walipopita na karai zao. Lilipovurugwa, Elikana alilia na kujipiga kichwani kwa ngumi.

Gari jeupe lilisimama karibu na vichanja. Alitangulia kushuka Gervasi, mtendaji wa mtaa, akafuatwa na mwanamke mwenye miwani na viatu visivyofaa kwa mchanga.

“Domitila, huyu ni afisa ustawi wa jamii, Bibi Catherine,” Gervasi alisema. “Amekuja kwa ajili ya ile picha.”

Picha hiyo ilipigwa na abiria aliyekuwa akingoja boti ya Kagunga. Ilizunguka kwenye simu za watu hadi ikawafikia wakubwa, ikiwa na maneno kwamba Ujiji watoto wanafungwa kama mbuzi.

“Shikamoo,” Domitila alisema, ingawa mgeni hakumzidi umri. Aliendelea kuwatandaza dagaa kwa viganja.

“Habari za kazi, mama. Kwa nini mtoto umemfunga?”

“Ziwa hilo. Anayapenda maji. Haogopi.”

Catherine alichuchumaa nje ya duara. “Hujambo, baba?”

“Hujambo, baba,” Elikana alisema, kwa sauti nyembamba ile ile ya mgeni, bila kumtazama.

“Kumbe anazungumza.”

“Anarudisha,” Domitila alisema. “Unachompa ndicho anachokurudishia. Yeye mwenyewe hajawahi kuniomba hata uji.”

“Ulimpeleka hospitali?”

“Nilimpeleka. Daktari alisema ni usonji. Akasema hauna kidonge, anahitaji mtu aliyesomea, wa kumfundisha polepole. Nikamuuliza mtu huyo yuko wapi. Akasema Dar es Salaam.”

“Na shule ya awali?”

“Alikaa asubuhi moja. Mwalimu wake alikuwa peke yake, darasa limejaa mpaka mlangoni. Akaniambia, mama, huyu akitoka nikamfuata, hawa wengine namwachia nani? Hakuniambia kwa ubaya.”

“Baba yake?”

Jibu lilitoka kwenye kichanja cha pili, kwa Mama Shadia, ambaye hakuwa ameulizwa. “Thobias yuko Kagunga na mke mwingine. Alisema kwao hakuna watoto wa namna hii, kwa hiyo mtoto ni wa ukoo wa mama. Wanapoanza kutembea na kuita baba huwa ni wa kwao.”

Wanawake walicheka. Gervasi hakucheka.

“Mama, nikuambie ukweli,” Catherine alisema, akisimama na kupangusa magoti. “Kumfunga mtoto ni kosa kisheria. Sitaki ufikishwe polisi. Lakini akikutwa tena na kamba, mimi sitakuwa na la kukutetea.”

“Mwanzoni hakukuwa na kamba. Alikaa na dada yake.”

“Dada yake yuko wapi?”

Domitila alimtazama mtendaji. “Mwulize Bwana Gervasi.”

“Yuko shule,” Gervasi alisema. “Alikuwa mtoro. Niliwafuata nyumbani mwezi wa kwanza, nikamrudisha Erica darasani. Ni agizo, wala sijutii.”

“Hata mimi sijutii,” Domitila alisema. “Anasoma vizuri. Ila siku uliyomchukua ndiyo siku niliyotafuta kamba.”

Catherine alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio, akaivaa tena. “Nitaandika mapendekezo. Pakipatikana kituo, utakuwa wa kwanza kujulishwa.”

“Na mpaka kipatikane, nani atamshika?”

“Wewe ndiye mama yake.”

“Ego, ni kweli,” Mama Shadia alisema, na ndiyo yake hiyo ya Kiha ilikuwa na ukali. “Ila dagaa hawa ni wa Mzee Leonardi. Wakilowa, kesho vichanja vinapewa mtu mwingine. Kwa nini asikae na mtendaji? Ofisini kwake kuna kivuli, na yeye hana kazi.”

“Mama Shadia, mdomo wako utakuponza.”

“Umeshaniponza zamani, mwanangu.”

Gervasi alikuwa tayari ameinama nyuma ya Elikana, akihangaika na fundo. Lilipomshinda, Domitila alinawa mikono, akalifungua mwenyewe. Elikana aliinua mikono kama alivyozoea. Catherine alitoa simu.

“Msogelee, mama. Mshike begani. Wakubwa wanataka kuona picha yake akiwa huru.” Alisita, kisha akaongeza kwa sauti ya chini, “Hata mimi nimepewa mpaka leo mchana.”

Domitila alimshika mwanawe begani. Picha ilipigwa. Gervasi aliikunja kamba vizuri, mkunjo juu ya mkunjo, akaiweka nyuma ya gari kuwa kielelezo, na gari likapanda barabara ya kuelekea mjini.

Upepo ulibadilika kabla vumbi halijatulia. Upande wa Kongo wingu lilikuwa limeshuka hadi kwenye maji, na mawimbi yalianza kupanda mchangani kupita alama ya asubuhi. Wanawake wote waliinama kwa pamoja kukusanya dagaa. Mama Shadia alipaza sauti bila kugeuka, “Domitila, unangoja nini?”

Domitila alikuwa amemshika Elikana kwa mkono wa kulia. Alijaribu kukusanya kwa kushoto. Dagaa walimwagika. Alimvuta mtoto karibu na kichanja, akambana kati ya magoti. Elikana akapiga kelele na kumuuma paja. Matone ya kwanza yaliangukia wavu wa kichanja.

Alimwachia.

Elikana hakukimbia. Alikwenda kwenye duara lake, akalikanyaga, akaanza kuzunguka polepole, mwili ukiwa umeegemea nje kidogo kana kwamba bado kuna kitu kinachomvuta kutoka nyuma. Domitila aliweza kupumua. Alizoa mkumbo wa kwanza, akainua macho. Akazoa wa pili, akainua macho. Mtoto alikuwa anazunguka.

Alipoinua macho akiwa na mkumbo wa tatu kifuani, aliona kwamba wimbi limelifikia duara na kulifuta upande wote wa ziwani. Elikana alikuwa amesimama pale njia yake ilipokatika, akiutazama mchanga laini uliolowa, akitafuta inapoendelea.

“Elikana!”

“Elikana,” mtoto alijibu, kwa sauti ya mama yake, akainua mguu kuelekea majini.