Mkwe Mwenye Heshima

Mzee Sudi aliileta nyumbani mashini ya kukata majani ya mzungu aliyemtunzia bustani, akailaza ubavu uani ili abadilishe kisu. Kisu kipya kilikuwa kimeshuka na boti asubuhi ile. Majirani walijaa kutazama, na mzee, ambaye majivuno hayakumpita mbali, aliwaacha watazame.

Mkwe wake Mbaraka alikaa barazani, uso kaugeuza pembeni. Kwao mwanamume hamsemeshi baba wa mkewe mpaka asemeshwe, seuze kumkosoa mbele za watu. Lakini Mbaraka alikuwa fundi wa karakana ya reli, na kwa pembe ya jicho aliona jambo la hatari: waya wa buji, ile plagi inayotoa cheche, haukuchomolewa. Mashini ilikuwa imetoka kunguruma sasa hivi. Ukizungusha kisu, injini nayo huzunguka, na cheche moja yatosha kuiwasha. Mzee alikuwa amekishika kisu kwa mkono mtupu, hakuweka hata kipande cha mbao cha kukizuia, akipambana na nati yenye kutu.

Mbaraka alikohoa. Akakohoa tena. Mzee hakugeuka. Basi akazunguka nyuma ya nyumba, alikokuwa mkewe Aziza akitwanga sombe, majani ya muhogo.

“Wende umwambie baba atoe waya wa buji kwanza. Mashini iko na moto bado.”

“Si weye njo fundi? Mwambie.”

“Mbele ya bale bantu bote? Unajua siwezi.”

Aziza alimtazama, akaweka mchi chini, akafuta mikono. Hakuwahi kufika kona ya nyumba. Injini ilipiga mlio mmoja mfupi, ikanyamaza, kisha wakamsikia mzee.

Hospitalini walimwachia kidole gumba tu cha mkono wa kulia. Mzungu akatafuta mtunza bustani mwingine.

Mzee aliporudi nyumbani, wageni walikuja kumpa pole. Mbaraka alikaa mbali, karibu na mlango, akiomba moyoni asiulizwe kitu. Mzee akamwita mwenyewe.

“Muone huyu mutoto,” aliwaambia wageni. “Siku ile kila muntu alikuwa ananisimamia kichwani. Yeye alijitenga. Hapa Kindu hakuna mukwe mwenye heshima kama huyu.”

Wageni wakaitikia. Mzee akanyoosha mkono wa kushoto, akaomba radhi kwa kuutoa huo. Mbaraka akaupokea kwa mikono yake miwili.

“Asante, baba,” alisema.

Aziza, aliyekuwa akigawa kahawa, aliweka birika chini akatoka nje.