Msiba kwa Sauti Yangu

...na sauti ni yangu, hilo silikatai, ule mkwaruzo mdogo mwishoni mwa sentensi niliutafuta miaka mingi kwa maji ya moto na kukaa mbali na viyoyozi, lakini mimi niko hapa bafuni, wembe mkononi, shavu moja safi, jingine lina povu, sasa anayesema pale dirishani, kwenye redio, kwa masikitiko makubwa, kwamba shangazi yangu amefariki dunia, ni nani... shangazi yangu, yeye mwenyewe, jina lake na la baba yake na la babu yake, yametajwa yote bila kujikwaa, kama mtu anayesoma hali ya hewa, mazishi kesho mchana, habari ziwafikie ndugu, jamaa na marafiki popote walipo, na mimi nipo popote hapo, zimenifikia, nimejitangazia msiba wangu mwenyewe, nikajipa pole mwenyewe, halafu muziki kidogo, halafu mabati imara yasiyopauka. Mke wangu jikoni anapaza sauti, "Baba! Nakusikia redioni, huko bafuni yuko nani?" na kucheka, ni utani wake wa kila asubuhi tangu kituoni walipoleta ule mtambo wa kuiga sauti yangu, hajasikia maneno, mafuta yanachemka, amesikia sauti tu, na sauti ilikuwa nzuri, niseme ukweli, ilikuwa nzuri kabisa, hapo ndipo ninapotaka kuitupa redio chooni. Simu. Dada. Naiweka sikioni, povu na yote. "Wewe!" hata salamu hakuna, "yaani unapata habari ya shangazi, unavaa shati, unakwenda kukaa studio, unautangazia ulimwengu mzima, mimi dada yako nisikie pamoja na muuza maziwa?" Dada, sikiliza, mimi mwenyewe... "Wewe mwenyewe nini? Nimekusikia! Hata kule kunyamaza kwako kabla ya jina, kule kujifanya una uchungu, nimekusikia!" Siyo mimi, dada, ni mashine. "Mashine!" akacheka, kicheko kibaya, cha mtu aliyekwisha kulia, "Ulipovunja kioo cha kabati ulisema ni upepo, leo ni mashine, makubwa haya," akakata. Nampigia, hapokei. Ningepokea mimi? Nisingepokea. Kwanza mtu atamwelezaje dada yake kwamba yuko bafuni na yuko hewani kwa wakati mmoja, na kwamba jambo hilo lina kibali cha bodi, limezinduliwa kwa kukata utepe, na lina mkuu wake, Mkuu wa Kitengo cha Mageuzi ya Kidijitali na Ustawi wa Msikilizaji, cheo kirefu kuliko muhtasari wa habari, kijana msafi, ana adabu, kila kitu anakiita safari. Ndiye aliyenikalisha studio nisome sentensi za kuulisha mtambo, mbuzi wa jirani amekula kofia ya daktari, je, mizigo yote imeshushwa, oh jamani, ni jambo la kusikitisha sana, mara kwa furaha, mara kwa huzuni, "Mzee wangu, huzuni ipunguze kidogo, tunataka huzuni ya wastani," huzuni ya wastani! na mimi nikaipunguza, mtumishi mtiifu, nikapewa keki na cheti cha shukrani, "Sasa utapumzika, mzee, sauti yako haitashikwa na mafua tena." Nikamuuliza, na ile simu atapiga nani? "Simu ipi?" Simu, bwana mdogo. Tangazo la msiba likija, kabla ya kulisoma nampigia aliyelileta, pole sana, je, wa karibu wote wameshaambiwa, hakuna mtoto aliye safarini, hakuna dada aliyeolewa mbali, maana haifai mtu kumpoteza mama yake huku anasubiri matokeo ya mpira, na mara nyingi jibu huwa, "Eh, ngoja kwanza," na mimi nangoja, mkurugenzi ananikodolea macho nyuma ya kioo, mwenye tangazo la mabati anadai nafasi yake, nangoja, hakuna aliyeniagiza, haikuandikwa mahali popote, ndiyo maana basi, kijana akapekua tableti yake kwa heshima zote akasema, "Hiyo hatua haimo kwenye mfumo, mzee, ila tunaweza kuipendekeza kwa toleo lijalo." Toleo lijalo. Shangazi yangu hana toleo lijalo. Na najua ilivyokuwa, namwona binamu yangu, ndiye aliyetuma, ni yeye tu, kwetu kupeleka msiba redioni ndiyo kuniambia mimi, imekuwa hivyo kwa babu, ikawa hivyo kwa baba, unatuma ujumbe namba ya kituo, naupokea, nawapigia wengine wote mmoja mmoja, wewe unaendelea na mambo ya jeneza, ndio mgawanyo wa kazi katika ukoo wetu, basi ametuma alfajiri, akaona tiki mbili, akavuta pumzi, bwana mkubwa kashajua, atamwambia na dada, na mtambo ukamjibu, asante, tangazo lako limepokelewa, siku njema, na kapicha ka ua mwishoni. Siku njema! Wala siwezi kumlaumu, yeye alidhani huko ng'ambo ya pili kuna mtu. Na ngoja, ngoja nimpate mtu na mimi, mtu mmoja tu pale kituoni amwambie dada yangu kwamba leo sijakanyaga, napiga, inapokelewa mara moja, "Karibu sana," ...ni mimi. Mimi huyuhuyu. Kwa matangazo ya biashara bonyeza moja, kwa vifo na mazishi bonyeza mbili, nasema nipe mtu, "Samahani, sijakuelewa," najijibu, kwa upole ambao mke wangu hajawahi kuupata nyumbani, nipe mtu we mwanaharamu, "Simu yako ni muhimu kwetu," nimejikatia simu, nimekasirika kwa nafsi mbili. Kwenye kioo kuna mzee, nusu ya uso ana ndevu nyeupe za povu. Shangazi ndiye aliyetulea, mimi na dada, tangu mama alipotutoka, chumba kimoja na cherehani yake katikati, na nilipoanza kazi, siku ile ya kwanza hewani, nilirudi nimevimba kichwa, nikamkuta anashona, hakuinua hata uso, "Mbona unasoma kama polisi? Unamkamata nani? Soma kama unaniambia mimi," na kuanzia hapo, kila nilichosoma, mafuriko, uchaguzi, ng'ombe waliopotea, nilimwambia yeye, namwona na uzi mdomoni, nanyamaza kidogo kabla ya jina ili ajiandae... kwa hiyo walichokichukua kwenye ile studio, walichokikatakata wakakihifadhi sijui wapi, si sauti ya mtangazaji hata kidogo, ni mtu anazungumza na shangazi yake, na leo wameitumia kumtangaza yeye, kwa huzuni ya wastani, na hakuna aliyekuwa anaambiwa. "Baba, chai inapoa!" Nakuja. Siji. Napiga tena kwa dada, inaita, inaita, safari hii inapokelewa, nasikia pumzi zake tu, na mimi nina maelezo yangu yamepangika, mtambo, kitengo, binamu, tiki mbili, kwa mtiririko mzuri, nafungua mdomo na kinachotoka ni kitu kingine, kijisauti chembamba, hakifai hata kutangazia mabati, dada, dada, mimi sikuam... na dada yangu, aliyenijua kabla sijajua kusema, anauliza taratibu, "Samahani, nani mwenzangu?" Mimi, nasema, vibaya, vipande vipande, ni mimi, niko nyumbani, nanyoa ndevu, nimesikia redioni, na upande ule anavuta pumzi kwa nguvu, "Uwii, mdogo wangu," anasema, "kumbe na wewe hukuambiwa," na redio pale dirishani inawatakia wasikilizaji wote asubuhi njema.