Hadjira na Ngoma ya Kihispania

Mwaka ule wa hamsini na nne, kaka yangu Bacar, fundi cherehani wa kisiwa cha Nosy Be, aliniandikia barua kwa herufi za Kiarabu. Binti yake Hadjira akishinda mashindano ya vijana, abaki kwangu Mahajanga aendelee na masomo. Asiposhinda, apande boti ya Jumatatu arudi kushona vifungo.

Mashindano yenyewe yalikuwa ya ngoma na nyimbo za Kihispania. Aliyeyaanzisha ni Madamu Ortega, Mhispania aliyeolewa na Mfaransa wa bandarini. Mimi nilinuna. Nimeongoza lelemama la akina mama wa Kikomoro miaka ishirini, leo mtoto wetu apige mguu sakafuni kama anayeua mende? Kila alipofanya mazoezi uani nilimwambia, "Mwanangu, hiyo ardhi haijakukosea."

"Ndivyo wanavyocheza, shangazi," alinijibu, akaendelea kugonga.

Jumapili alasiri nikaenda ukumbini, nikakaa mstari wa mbele nimekunja uso. Akapita binti wa karani wa posta, mzuri, ila mkavu. Kisha akaja Hadjira, shingo juu, vibao viwili vya mbao vikilia viganjani sawasawa na visigino vyake. Nikatafuta kosa, sikuliona. Akageuka, akanikazia macho kama mtu mzima, na mwili ukanisisimka wote.

Sasa, kwetu sisi mchezaji akikukosha, wewe hukai kitini. Unainuka unamtuza palepale, ngoma ikiendelea; kubaki kitini ni kumvunjia heshima. Sikufikiri. Nilijikuta jukwaani, nimemfunga leso yangu ya hariri mabegani na kummiminia marashi kichwani, wanawake nyuma wakipiga vigelegele. Hadjira hakukosea hata pigo moja.

Madamu Ortega akasimamisha santuri. Kanuni, alisema kwa upole, zinakataza mtu yeyote kumgusa mshindani. Hadjira akaondolewa, na kikombe akapewa binti wa karani.

Nilikuwa nimemharibia mtoto, na nilimpenda kuliko nilivyowahi kumwambia. Nililia njia nzima ya kurudi nyumbani. Yeye alikuwa akinusa marashi kwenye nywele zake, anacheka.

"Miezi sita naishi kwako, shangazi," alisema, "hata neno 'vizuri' sijalisikia."

Jumatatu sikumpandisha boti. Nilimpa nahodha barua tu, nimekiri kila kitu na kumwomba Bacar anilaumu mimi, si mtoto. Wiki nzima sikula vizuri. Kila chombo kikiingia nilidhani kaka yangu amekuja mwenyewe kumchukua.

Ikaja barua.

"Dada Koulsoum," aliandika, "arusini kwangu ulikula wali sahani mbili, na bibi arusi alipocheza hukuinuka kumtuza. Sijapata kukuona ukimtuza mtu yeyote maishani mwako. Kama huyu amekutoa kitini, majaji wa nini tena? Mtoto abaki."