Koo la Mpole

Kinyozi alikuwa mtu wa kushuku. Ukimsalimu mara mbili kwa siku, atajiuliza unataka nini. Ajabu ni kwamba mtu huyo huyo alijiunga na kundi la simuni la watu wasiojuana, kila mmoja akijifanyia jaribio lake: huyu kaacha sukari, yule analala bila simu chumbani. Lakini shida haichagui. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeanza kutetemeka, na nani atampa kidevu kinyozi anayetetemeka? Akaamua kuacha kahawa, aone kama ndiyo mchawi wake.

Kundi lilikuwa na miiko yake. Jina lako halisi hulitaji. Hushauri usipoombwa. Humwambii mtu "si nilikwambia?" Mwenzako akileta matokeo, mazuri au mabaya, unamjibu, "Tumekusikia, endelea." Na mwiko mkubwa kuliko yote: hudanganyi, maana wapo wanaokufuata kwa miili yao wenyewe.

Yeye alijiita Kahawa Basi, akasema tu kwamba kazi yake ni ya mikono. Mkono ukaanza kutulia. Ndipo mwanakundi aliyejiita Mpole akamwandikia: "Hongera. Wiki hii mkono umepita vizuri hata chini ya kidevu."

Kidevu! Nani kamwambia habari za kidevu?

"Ni huyo wa ng'ambo," alimwambia mkewe, akimwonyesha kwa mdomo kinyozi wa upande wa pili wa barabara. "Anasubiri nikosee awatangazie wateja wangu."

"Baba watoto, wewe hata kioo kikikutazama unakishuku. Si umuulize?"

"Mwizi huulizwa?"

Hakuuliza, akatega. Jioni aliandika kundini: "Leo mkono umekataa kabisa. Kesho sifungui." Uongo mtupu, mkono ulikuwa umetulia tuli. Hata mkewe hakumwambia. Asubuhi akajibanza nyuma ya pazia la duka, jicho ng'ambo, aone kama jirani ataitangaza habari hiyo. Jirani yule alifagia kizingiti, akapiga miayo, akakaa kusoma gazeti. Kinyozi akaona hata miayo ile ina hila.

Hodi ikapigwa. Alikuwa fundi saa, mteja wake wa kila Ijumaa, mzee mkimya anayenyolewa kwa wembe huku kafumba macho. Na siku ile haikuwa Ijumaa.

"Fungua, kinyozi. Najua umo. Mkono ukiuficha utazidi kuogopa. Ninyoe."

Akafungua. "Nani kakwambia sifungui?"

Mzee aliketi, akajifunga kitambaa mwenyewe. "Wewe. Jana, kundini."

"Kumbe Mpole ni wewe! Siku zote unanichunguza?"

"Chupa yako ya kahawa ilitoweka hapo mezani, huku Kahawa Basi anasimulia kundini habari za mkono wake. Nikajumlisha. Ningekwambia nakujua, ungeninyoa kwa hofu na jaribio lingeharibika. Lile la kidevu lilinitoka kwa furaha tu, nisamehe."

Ijumaa zote zile mzee alijua mkono unatetemeka, na bado alikuja akauinulia kidevu.

"Haya, unatetemeka sana?" mzee akauliza.

"Hautetemeki. Niliandika vile ili... nilikuwa namtega mtu."

Mzee akanyoosha mkono wake mwenyewe, ule wa kushikia skrubu ndogo za saa. Ulikuwa unatikisika.

"Mimi niliacha kahawa kwa kukufuata wewe," alisema. "Jana niliposoma kwamba imeshindikana, nikakata tamaa. Nikanywa."

"Mzee wangu, nisamehe, sikujua..."

"Koo langu nilikukabidhi, kinyozi. Neno lako ndilo sijui nitalishika vipi."

Hakugomba. Alikifungua kitambaa, akakikunja vizuri, akatoka na ndevu zake. Haukupita muda, simu ya kinyozi ikaita: Mpole ametoka kwenye kundi.

Mkono ulioshika simu haukutikisika hata kidogo. Alitaka sana kumwambia mtu kwamba umepona, na hakuona nani angemsadiki.